Anwani ya Wavuti kama Ahadi ya Taasisi: Uhakiki wa Hoja ya Tim Berners-Lee

Makala haya yanahakiki insha fupi aliyoiandika Tim Berners-Lee, mwasisi wa wavuti, mwaka 1998, akishikilia kwamba anwani njema ya wavuti ni ile isiyobadilika. Kwa mtazamo wake, anwani haihami yenyewe. Huhamishwa na watu. Hoja hiyo ingali na uzito. Hata hivyo, ina pengo: inamtwisha fundi wajibu ambao kimsingi ni wa taasisi.

Uzito wa hoja unadhihirika katika utendaji wa seva. Anwani aionayo msomaji si lazima iwe jina la faili lililohifadhiwa kwenye diski. Ombi linapofika, seva huioanisha njia iliyoombwa na kanuni zilizoandikwa, ndipo huchagua sehemu ya programu itakayojibu. Seva za Java kama Tomcat hutafuta kwanza kanuni inayolingana na njia hiyo kikamilifu, kisha ile inayolingana na sehemu ndefu zaidi ya mwanzo wa njia, kisha kiishio cha jina la faili, na mwisho kanuni ya jumla. Katika seva ya Apache, anwani huandikwa upya na moduli ya mod_rewrite, iliyobuniwa na Ralf S. Engelschall mwaka 1996. Kwa hiyo, zana ya kutenganisha jina la waraka na mahali ulipo ilikuwapo hata kabla ya insha hiyo. Taasisi inaweza kubadili programu na mashine zake zote, na anwani zikabaki vilevile.

Hapo ndipo unapokubalika ushauri wa Berners-Lee wa kuondoa katika anwani jina la mwandishi, hadhi ya waraka na kiishio cha faili. Anwani inayoishia kwa .php au .jsp hutangaza zana iliyotumika. Zana ikiachwa, anwani nayo huwa hatarini.

Lakini kanuni hizohizo zaweza kutumika vibaya. Itifaki ya HTTP hutofautisha majibu: 301 hueleza kwamba waraka umehama kwa kudumu, 302 kwamba umehama kwa muda, 410 kwamba umeondolewa, na 404 kwamba haukupatikana. Baadhi ya tovuti zinapojengwa upya, tofauti hizo hupuuzwa na anwani zote za zamani huelekezwa kwenye ukurasa wa mwanzo. Mashine huhesabu kwamba ombi limejibiwa; msomaji aliyetafuta waraka wa sera hupokewa kwa maneno ya kumkaribisha. Katika hali hiyo, 404 lingekuwa jibu la uaminifu zaidi.

Hasara yake si ndogo. Mwaka 2014, Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig walionyesha kwamba takribani nusu ya viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikumfikisha tena msomaji kwenye taarifa iliyokusudiwa. Ikiwa mahakama yenye rasilimali nyingi hivyo haikusalimika, mtafiti wa Kiswahili anayenukuu orodha ya istilahi au rasimu ya sera isiyo na nakala ya chapa ana sababu ya kuhofu. Marejeleo yasiyofikika hayathibitishiki, na hoja iliyojengwa juu yake hudhoofika.

Pengo la insha linaonekana hapa. Fundi stadi huandika kanuni sahihi, lakini mkataba wake ukiisha, kanuni hizo huweza kuondoka naye. Ada ya jina la kikoa isipolipwa, hakuna kanuni itakayosaidia. Hata vitambulisho vya kudumu kama DOI hutegemea mtu wa kusasisha mahali waraka ulipo. Udumifu wa anwani, basi, ni suala la utawala kabla ya kuwa la ufundi.

Tunapendekeza kwamba kila mkataba wa kujenga upya tovuti ya umma udai jedwali la anwani zote za zamani na mpya, lijaribiwe kabla ya uzinduzi, na likabidhiwe kwa taasisi pamoja na kanuni zake. Jedwali hilo litunzwe kama zitunzwavyo kumbukumbu za masjala, na awepo ofisa anayewajibika kwalo. Pasipo hayo, ahadi iliyomo katika kila anwani tunayoinukuu haina mwenyewe.