Saa za London katika Nyumba za Waturuki

Msomaji, kitabu huhukumiwa na shairi huhukumiwa. Kazi ya mikono ya fundi nayo yastahili hukumu. Leo nataka tutazame pamoja saa za shaba ya njano zilizotengenezwa London katika karne ya 17 na ya 18, zikapakiwa merikebuni, zikauzwa katika Dola ya Uthmaniya, iliyotawaliwa kutoka Istanbul. Swali langu ni moja. Je, saa hizo zilikuwa kazi ya kweli kwa watu walionunua, au zilikuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti?

Biashara ya Waingereza na Waturuki ilipata nguvu mwaka 1581, Malkia Elizabeth wa Kwanza alipowapa wafanyabiashara wake hati ya kuifanya. Mwaka 1599 Malkia huyo alimpelekea Sultani Mehmed wa Tatu zawadi ya kinanda kikubwa kilichounganishwa na saa, kazi ya fundi Thomas Dallam. Kinanda kile kilipiga muziki chenyewe, na ndege wa bandia juu yake waliimba na kutikisa mabawa. Kilikuwa ajabu, lakini kiliundwa ili kumstaajabisha mfalme. Saa za biashara zilizofuata baadaye zilikuwa na kazi ngumu zaidi: kukaa katika nyumba ya mtu na kumtumikia kila siku.

Nitachagua aina moja ili hukumu yetu isitawanyike. Ni saa ya ukutani iliyofanana na fanusi. Ilikuwa na nguzo nne za shaba kwenye pembe zake, kengele juu kama kofia, na magurudumu yenye meno katikati. Haikuendeshwa kwa kamani. Iliendeshwa kwa uzito ulioning'inia kwenye kamba, na uzito huo ulipaswa kuvutwa juu kila siku. Katika karne ya 18 watu wa London walikuwa wamekwisha kuiacha aina hii, wakapenda saa ndefu za kabati na saa za mezani. Walakini mafundi wa London waliendelea kuitengeneza kwa ajili ya Waturuki.

Tazama sasa uso wake. Mahali pa tarakimu za Kirumi fundi alichora tarakimu za Mashariki, zile zilizotumiwa na wasomaji wa hati ya Kiarabu. Saa za fanusi zilizouzwa Uingereza mara nyingi zilipambwa kwa nakshi ya pomboo wawili waliopishana. Hizi za kwenda ng'ambo zilipambwa zaidi kwa majani, maua na hilali, kwa kuwa wanunuzi wengi hawakupenda sanamu za viumbe. Hapa fundi alionyesha adabu. Aliuliza kwanza mwenye nyumba anapenda nini, ndipo akashika patasi.

Lakini uso si moyo. Waturuki wa zama zile walihesabu saa kuanzia kuchwa kwa jua. Jua lilipozama ilikuwa saa kumi na mbili kamili, na saa moja baadaye ilikuwa saa moja ya usiku. Wewe msomaji hutashangaa, maana hesabu yetu ya Kiswahili ni ndugu ya hesabu hiyo. Tofauti iko katika jua lenyewe. Pwani yetu iko karibu na ikweta, na jua huchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima. Istanbul iko mbali kaskazini. Huko kuchwa kwa jua kwa kiangazi na kwa kipupwe hutofautiana kwa karibu saa tatu. Kwa hiyo saa iliyokuwa sahihi jana jioni ilikosea leo jioni, japo kwa dakika moja tu, na mwenyewe alilazimika kuirekebisha tena na tena. Misikiti mikubwa ilikuwa na chumba cha mtunza wakati, na watu waliweza kulinganisha saa zao na zake.

Mkosoaji mkali atasema hapo ndipo mkakasi ulipofunuka: uso ni wa Istanbul, magurudumu ni ya London, na magurudumu hayajui jua la Istanbul linachwa lini. Hoja hiyo ina nguvu, lakini siikubali yote. Fikiri: saa ya fanusi ilihitaji mkono wa mwenyewe kila siku ili kuvuta uzito. Mkono ule ule uliovuta uzito uliweza kusogeza akrabu mpaka kumi na mbili jua lilipozama. Saa ambayo London iliiona ya kizamani ilikubaliana vyema na desturi ya watu walioihitaji. Fundi hakuimaliza kazi. Aliimaliza mnunuzi, kila jioni, nyumbani mwake.

Sifa hizo siwezi kuzitoa kwa kila saa ya biashara ile. Ziko saa za mezani zilizofunikwa magamba ya ng'amba, zikajazwa kuba, hilali na vinara hata uso wa saa ukawa kama mgeni aliyesongwa na umati. Katika baadhi yake naona fundi aliyedhani kwamba kuzidisha mapambo ni kumjua mnunuzi. Tena mara nyingi tarakimu zilikuwa za mnunuzi, lakini jina la fundi na neno London viliandikwa kwa herufi za Kilatini. Jina lilikuwa bidhaa. Jina la George Prior, fundi wa London aliyejulikana sana kwa Waturuki, liliigwa na watengenezaji wengine wa Ulaya, na mtu aliyenunua jina peke yake alidanganyika kwa urahisi.

Uturuki iliacha hesabu ya zamani mwaka 1926, ikafuata saa za kimataifa. Saa nyingi za aina hizi sasa ni vitu vya makumbusho na vya wakusanyaji, na zilizo katika Jumba la Topkapi mjini Istanbul hutazamwa na wageni wa kila taifa.

Hukumu yangu, basi, ni hii: saa ya fanusi haikuwa mkakasi. Ilikuwa kazi njema yenye upungufu mmoja, na upungufu huo uliacha nafasi kwa mkono wa mwenyeji. Nawe, msomaji, umezungukwa na vitu vilivyoundwa mbali na kupambwa ili vikupendeze. Usivikatae kwa sababu ni vya kigeni, wala usivisifu kwa sababu vimeandikwa kwa lugha yako. Vifungue utazame ndani. Uliza vinafuata jua la nani, na kama vinakubali kurekebishwa na mkono wako.