Muuaji 'sugu' au 'wa mfululizo'? Funzo la Mindhunter

MWANAFUNZI wangu wa uzamili aliniuliza majuzi: “Prof, mtu anayeua mmoja, akatulia, kisha akaua mwingine, tumwite nani? Muuaji sugu ama muuaji wa mfululizo?” Nikamwambia anipe wiki moja. Wiki hiyo niliimalizia mbele ya runinga, nikitazama Mindhunter, tamthilia ya Netflix ya mwaka 2017 hadi 2019.

Maafisa wawili wa FBI, Holden Ford na Bill Tench, wakishirikiana na msomi Wendy Carr, wanawahoji wauaji katika magereza ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kuelewa nafsi zao. Wahusika hao watatu ni wa kubuni, lakini wamefinyangwa kutokana na John Douglas, Robert Ressler na Ann Burgess.

Ressler ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa aliieneza istilahi ya Kiingereza tunayoitafutia kisawe. Alieleza kuwa ilimkumbusha filamu za vipande alizozitazama utotoni: kila kipande kilikatizwa patamu, mtazamaji akabaki na kiu. Kwa hivyo 'mfululizo' ni tafsiri aminifu. Lakini hebu tazama: neno hilo hilo ndilo tunaloitia tamthilia. Muuaji wa mfululizo ndani ya kipindi cha mfululizo! Nasi tulioketi kochini tunakuwa wenye kiu, tukingoja maiti ya kesho.

'Sugu' lina uzito mwingine. Sugu ni ngozi iliyokufa ganzi kwa kusuguliwa mara kwa mara. Mindhunter inafana zaidi pale inapoonyesha mpelelezi mwenyewe akiota sugu moyoni. Ford anaiga lugha chafu ya wauaji ili wamfungukie, na anaizoea. Mwishoni mwa msimu wa kwanza, Edmund Kemper, aliyewaua watu 10 akiwemo mamake mzazi, anamkumbatia hospitalini. Ford anatoka mbio na kuanguka kwenye ujia, pumzi zimemwishia. Sugu imepasuka.

Hata hivyo, nina lalama. Kemper amepewa ufasaha wote, ilhali wasichana aliowaua wamebaki picha mezani. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hapa aliyeulizwa habari za kaburi ni mchimbaji wake.

Msimu wa pili unajaribu kulipa deni hilo. Unatupeleka Atlanta, ambako watoto na vijana weusi waliuawa kati ya 1979 na 1981. Kina mama, akiwemo Camille Bell, wanadai haki. Wayne Williams alipatikana na hatia mwaka 1982 kwa kuwaua watu wazima wawili, na polisi wakafunga faili nyingi za watoto bila kesi. Kina mama wanabaki na swali lao. Kwangu, kimya chao kina uzito kuliko mahojiano yote ya gerezani.

Basi, jibu langu kwa mwanafunzi ni 'muuaji sugu'. 'Mfululizo' linahesabu tu. 'Sugu' linataja kilichokufa ndani ya mtu. Ila nina swali langu pia, kwake na kwa wanahabari wetu: je, aliyeuawa tumwite nani? 'Mwathiriwa wa tano' ni kuhesabu kule kule. Alikuwa na jina. Lianze hilo.