Pongezi kwa Maduka ya Hisani ya Uingereza

Maduka ya hisani ya Uingereza, yanayouza vitu vilivyotolewa bure ili kuchangia mashirika ya misaada, yanastahili pongezi, na si kwa bei nafuu tu. Tangu shirika la misaada la Oxfam lilipofungua duka lake la Broad Street mjini Oxford, mwishoni mwa miaka ya 1940, mtindo huo umeenea nchi nzima. Kinachonivutia zaidi ni heshima anayopewa mtoaji.

Ukipeleka mfuko wa nguo, nawe ni mlipa kodi, mhudumu, mara nyingi bibi mstaafu anayejitolea, anakuandikisha, kisha anabandika kwenye mfuko stika yenye namba yako. Koti likiuzwa, mauzo yanaandikwa kwako. Baadaye unaletewa barua: vitu vyako vimeuzwa kiasi hiki. Kisheria fedha hizo bado ni zako, na unapewa muda wa kuzidai. Ukinyamaza, shirika linazichukua, na kwa kuwa unalipa kodi, serikali inaongeza peni 25 kwa kila pauni.

Wangapi kati yetu tumewahi kutoa nguo tukaambiwa ziliishia wapi?

Maduka haya yana ukali wake, naam: vilivyochakaa au vichafu hukataliwa, na ni haki. Enyi mnaokusanya misaada kwetu, igeni barua ile.