Maji ya Kisarawe, konrodi ya Kibaha

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe. Mvua ikikesha huko, asubuhi Jangwani hapapitiki, na Jangwani ndipo Barabara ya Morogoro inapokatiza bonde kuelekea Kariakoo. Jirani yetu wa Kibaha aliingia kwenye maji hayo na Toyota Premio yake, akidhani yataishia kwenye magurudumu. Injini ikagonga mara moja, ikazima. Siku chache baadaye gari lilikuwa uani kwake Maili Moja, chini ya mwembe, na fundi aliyetoka Kisarawe alikuwa ameinama anafungua plagi.

Nilikuwepo tangu plagi ya kwanza hadi injini ilipowaka, nikishika taa na kuandika vipimo kwenye daftari. Wapo wanaoamini kwamba pistoni na konrodi haziwezi kubadilishwa nyumbani. Wapo pia wanaoamini kwamba mkono uliozoea unatosha. Nilichokiona kinawapinga wote wawili: kazi inawezekana uani, mradi kila hatua ipimwe.

Tuanze na chanzo. Injini ya gari hilo ni 1ZZ-FE, ile iliyomo kwenye Premio, Allion na RAV4 nyingi za cc 1,800. Ujazo wake kamili ni cc 1,794 kwa silinda nne, na mbano wake ni 10 kwa 1. Piga hesabu: kila silinda ina cc 448, na pistoni ikifika juu kabisa inabaki nafasi ya cc 50 hivi. Hicho ni kikombe kimoja cha kahawa chungu. Hewa hukubali kubanwa ikaenea humo, maji hayakubali. Yakizidi kikombe hicho, pistoni inakwama njiani huku krenki ikiendelea kuisukuma kutoka chini. Kinachobeba ugomvi huo ni konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, nayo hupinda.

Fundi hakufungua injini kwa kubahatisha. Aliyatoa maji, akapima kompresheni silinda moja moja. Tatu zilikaribiana, ya pili ikawa chini sana. Ndipo akamwaga oili na maji ya rejeta, akaegemeza injini kwa jeki, akatoa cheni ya taimingi, akashusha sampo na kunyanyua silinda hedi. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona gereji. Aliizungusha krenki polepole, kila pistoni ikifika kileleni anaisimamisha na kuipima kwa venia kutoka uso wa bloki. Ya kwanza, ya tatu na ya nne zilisimama sawa. Ya pili ilikuwa chini kwa karibu milimita moja. Kwa jicho usingeiona. Konrodi ilikuwa imefupika kwa kupinda, na ushahidi ulikuwa mkononi kabla haijatoka.

Mwenye gari aliuliza kwa nini asinunue konrodi moja na pistoni moja, yaishe. Swali la haki, kwa sababu fedha ni zake. Jibu lina sehemu mbili. Pistoni za 1ZZ za miaka ya mwanzo zina kasoro inayojulikana: matundu ya kurudishia oili, nyuma ya ringi ya chini, ni machache na membamba. Kaboni ikiyaziba, ringi inakwama na injini inaanza kula oili. Toyota ilizibadilisha baadaye. Kwa kuwa hedi ilishafunguliwa, kurudisha pistoni tatu za zamani kungekuwa kuandaa moshi wa bluu wa kesho.

Sehemu ya pili ni uzito. Konrodi nne zinapaswa kulingana, la sivyo injini inatetemeka na beringi zinaliwa. Zilinunuliwa Gerezani, Dar es Salaam, zote nne zikiwa zimetoka kwenye injini moja. Zilipofika, mama mwenye nyumba alileta mizani yake ndogo ya kupimia unga wa keki. Tukaziweka moja moja, zikatofautiana kwa gramu chache tu. Kabla ya hapo zilipita kwa mchonga vyuma akathibitisha kwamba zimenyooka.

Hapo ndipo mpaka wa nyumbani unapoonekana. Kunyoosha au kupima unyoofu wa konrodi si kazi ya uani. Kupima silinda kwa sehemu za mia za milimita ni kazi ya mwenye mikromita. Kipenyo cha silinda ya 1ZZ ni milimita 79, na laina zake ni nyembamba ndani ya bloki ya alumini, hivyo ikilika kupita kiasi huwezi kuichonga kwa pistoni kubwa zaidi kama zilivyofanyiwa bloki za chuma za zamani. Bahati nzuri silinda hizi zilikuwa ndani ya kipimo.

Kurudisha kulichukua muda mrefu kuliko kufungua. Kila ringi iliingizwa peke yake ndani ya silinda na mwanya wake ukapimwa kwa filageji. Ilipovishwa, alama yake ilitazama juu, na mianya haikupangwa mstari mmoja. Alama ya pistoni ilielekezwa upande wa cheni. Kifuniko cha kila konrodi kilirudi kwa konrodi yake, maana viwili hivyo huchongwa pamoja. Beringi mpya zikapakwa oili. Pistoni ikasukumwa kwa mpini wa nyundo, taratibu. Moja iligoma katikati. Fundi hakuongeza nguvu. Aliitoa, akakuta ringi imechomoza chini ya kibanio cha ringi, akaanza upya.

Bolti za konrodi zilikazwa kwa toki renchi hadi 20 Nm, kisha kila moja ikazungushwa nyuzi 90. Ili asisahau ipi imezungushwa, aliweka nukta kwenye kila kichwa cha bolti kwa rangi ya kucha. Bolti za hedi zilianza na 49 Nm, nazo zikamaliziwa na nyuzi 90. Baada ya kila konrodi alizungusha krenki kwa mkono kuhakikisha haikwami.

Injini iliwaka jioni ya siku ya nne. Inanguruma sawa na haitoi moshi.

Kibaha ni mji wa Nyumbu, shirika la jeshi lililounda lori la Kitanzania. Hapa si mahali pa kukaza bolti za konrodi kwa kukisia. Mafundi wa Kibaha na Kisarawe, kama toki renchi ni ghali kwa mtu mmoja, changishaneni mnunue moja kwa gereji tatu. Nawe dereva, gari likikuzimikia majini, usipige stata tena. Livutwe hadi pakavu, plagi zitolewe, maji yatoke kwanza. Kikombe kimoja cha kahawa kinatosha kupinda chuma.