Kidahizo cha Chakula Kisichoonjwa

Ensaiklopidia za mashabiki wa bunilizi za kisayansi zimejaa vidahizo vya vyakula ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kuvionja. Wapo wanaoudharau utamaduni huu. Kwangu ni kazi halali ya uhakiki, ila kwa sharti moja: kidahizo kitueleze chakula hicho kinafanya kazi gani katika hadithi, kisiishie kutaja kimetengenezwa kutokana na nini.

Tuanze na melange, kiungo cha riwaya ya Dune ya Frank Herbert (1965). Kinanukia mdalasini, kinarefusha maisha, kinawawezesha waongoza vyombo vya angani kuiona njia salama, na kinapatikana katika sayari moja tu, Arrakis. Aliyekizoea hawezi kukiacha, na macho yake hugeuka buluu. Kiondoe kiungo hiki uone: koo pinzani za riwaya hazina cha kugombania, jangwa halina thamani, riwaya imekwisha. Herbert mwenyewe aliweka mwishoni mwa kitabu faharasa ya istilahi za ulimwengu wake, melange ikiwamo. Shabiki anayeandika kidahizo, basi, hakuleta fani ngeni. Anaiendeleza ya mtunzi.

Hata hivyo, fani hiyo ina hatari zake. Hadithi hujengwa kwa kuchelewesha, ilhali kidahizo hutoa jibu katika sentensi ya kwanza. Katika filamu ya Soylent Green (1973), wakazi wa New York wenye njaa wanagombania vipande bapa vya kijani, na siri kwamba vimetengenezwa kwa maiti za watu hufichuliwa mwishoni kabisa. Kidahizo kinachoanza na siri hiyo kimesema kweli, lakini kimeua taharuki iliyobeba dhamira. Kidahizo kizembe kitakosea zaidi kwa kuichanganya filamu na riwaya ya Harry Harrison ya 1966 iliyoizaa. Katika riwaya, chakula kiitwacho soylent ni cha soya na dengu. Ulaji wa watu uliongezwa na filamu. Harrison aliogopa wingi wa walaji, filamu ikaongeza hofu ya wanaowalisha. Tofauti hiyo ndiyo inayostahili kuandikwa.

Hatari ya pili ni orodha. Katika kipindi cha Star Trek: The Next Generation kilichorushwa mwaka 1989, ofisa Riker anahudumu kwa muda katika chombo cha Waklingoni, jamii ya sayari nyingine, na kuandaliwa gagh, minyoo inayoliwa ikiwa hai. Kidahizo kinachohesabu aina za minyoo hiyo kitakuwa kimejaa habari na kukosa kiini. Mezani pale mgeni anapimwa, na kila tonge analomeza ni hatua ya kukubalika kwa wenyeji wake.

Vipi kuhusu maziwa ya buluu ya Star Wars (1977)? Yanaonekana mezani kwa mjomba wa Luke, mhusika mkuu, na hakuna anayeyashangaa. Ukimya huo ndio ufundi wenyewe, kwa kuwa unatuambia kwamba hapa ni nyumbani kwa watu na mlo huu ni wa kila siku. Yanastahili kidahizo, lakini kifupi. Kurundika habari za mnyama aliyekamuliwa kutoka kazi za baadaye ni kuongea pale msanii alipochagua kunyamaza.

Mfano bora ninaoujua ni The Dune Encyclopedia, iliyohaririwa na Willis E. McNelly mwaka 1984, Herbert akiiandikia dibaji. Makala zake zimetungwa kana kwamba ni za wataalamu wa ulimwengu ule ule, wanaotazama nyuma na kukisia kutokana na kumbukumbu zilizosalia. Kwa mbinu hiyo, kidahizo chenyewe kinakuwa sehemu ya usimulizi, na msomaji anabaki na kazi ya kupima ushahidi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: vyakula vya kubuni vinastahili vidahizo kadiri vinavyobeba msuko, wahusika au dhamira. Nawaomba waandishi wa vidahizo hivyo wataje kazi na mwaka, waitenge riwaya na filamu, waitunze siri mpaka mahali pake, na waeleze nani anakula, nani anauza na nani analala njaa.