Kamau wa Nani?

Niseme ukweli, nilianzia kwenye filamu. Ile Out of Africa ya Sydney Pollack ya mwaka 1985, iliyobeba Oscar 7, Robert Redford akiwa Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani. Nilipomaliza kuitazama nilibaki na picha ya mtu mmoja tu ndani ya ndege. Kwa udadisi wa kawaida nikaanza kutafuta: huyu bwana alikufaje hasa?

Habari zenyewe hazijafichika. Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931, pale Voi, ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth iliruka, ikazunguka uwanja mara mbili, kisha ikaporomoka na kuwaka moto. Alikuwa na miaka 44. Akafa yeye na mtumishi wake, Mkikuyu aliyeitwa Kamau.

Kamau! Basi. Hilo moja tu.

Sasa, anayejua majina ya Wakikuyu anajua kwamba Kamau ni kama Juma huku kwetu. Ukiuliza Kamau utaulizwa: Kamau wa nani? Jina hukamilika kwa jina la baba, ndiyo maana Ngũgĩ ni wa Thiong'o. Kusema "Kamau" tupu ni kusema kwamba alikuwa mtu, mwanamume, na ametoka upande wa Mlima Kenya. Zaidi ya hapo, hakuna kitu.

Nikaenda kwenye kitabu chenyewe cha Karen Blixen, cha mwaka 1937, nikisoma ile sehemu ya kaburi la vilimani kwa kidole, mstari kwa mstari. Na hapo nikakutana na jambo lililonikosesha raha. Blixen anasimulia kwamba aliomba aende naye safari ile. Denys akakubali, kisha akabadili mawazo: huenda ikabidi atue porini na kulala huko, kwa hiyo atahitaji kwenda na "boi" mwenyeji. Yaani nafasi ilikuwa moja, na ilitolewa kwa sababu ya kazi. Gipsy Moth ina viti viwili vya wazi, kimoja mbele ya kingine. Kwa kawaida rubani hukaa nyuma na abiria mbele. Kama desturi hiyo ilifuatwa siku ile, Kamau aliiona ardhi ikija kabla ya bwana wake.

Beryl Markham naye, katika West with the Night (1942), anaeleza jinsi Denys alivyomkaribisha safari hiyohiyo, na jinsi mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, alivyomsihi asiende. Hakwenda. Kwa hiyo tunao wanawake wawili walioachwa na ndege ile, na kila mmoja ana kitabu chake maarufu. Hata Denys, ambaye mwenyewe hakuacha kitabu, ameandikiwa wasifu na Errol Trzebinski mwaka 1977 na mwingine na Sara Wheeler mwaka 2006. Aliyepanda ana jina nusu.

Ngũgĩ alishamshambulia Blixen zamani. Insha yake imo katika Moving the Centre, na kichwa chake tu, kinachomweka mpishi karibu na mbwa, kinatosha kukuonyesha hasira ya mwandishi. Nakubaliana naye kwa mengi. Lakini nadhani ukimsoma Blixen kwa hasira tu, unakosa kitu. Katika sehemu hiyohiyo ya mwisho ya kitabu yumo Kinanjui, chifu wa Wakikuyu, anayeomba apelekwe kufia nyumbani kwa Blixen. Blixen anakataa, na haifichi aibu yake. Ukurasa ule ni mzito. Mwandishi huyu alikuwa na jicho la kukiona kifo cha Mkikuyu, tena jicho kali, linalojigeukia lenyewe. Kwa hiyo siwezi kusema hakuweza. Aliweza.

Ndiyo maana kurasa za mazishi ya Denys zinanisumbua zaidi. Uandishi wake pale, mie nakiri, ni mzuri mno: ukungu wa Ngong, watu wanaotafuta mahali pa kuchimba, jeneza lililosafirishwa kutoka Voi, na baadaye habari kwamba simba wamezoea kulala juu ya kaburi. Nilipoisoma mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nikajikuta nahesabu majeneza. Ni moja. Mle kitabuni Kamau hazikwi popote, hana mama anayepelekewa habari, hana shamba analorudishwa. Anahitajika porini, anapanda, na sentensi zinaendelea bila yeye.

Wengine watasema namwonea: mwombolezaji huandika msiba wake, si wa jirani. Sawa, ningekubali, kama si ile sentensi ya "boi" aliyoiandika kwa mkono wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia kiti kile kingeweza kuwa chake. Kisha hakugeuka hata mara moja kumtazama aliyekikalia.

Kitabu nakipendekeza bado. Kisome, hasa sehemu ya Kinanjui. Ukifika kwenye safari ya Voi, punguza mwendo, maana Kamau anapita haraka sana.