Nyimbo za Kilingala katika Masikio ya Kirumba

Apitaye Mwaloni, Kirumba, katika mji wa Mwanza, mahali panapouzwa dagaa na kayabo, huweza kusikia muziki wa dansi wa Kongo ukiimbwa kwa Kilingala. Wachukuzi hukiitikia kiitikio pasipo kukosea silabi. Lakini ukiwauliza maana yake, wengi watacheka tu. Wala usitumaini kupata jibu upesi kwa Wakongo wanaokuja kununua samaki, maana wale watokao mashariki ya nchi yao, lugha yao ya soko ni Kiswahili kama sisi.

Wako wahakiki wasemao kwamba wimbo ni maneno, na asiyeyafahamu maneno hakusikia wimbo bali kelele zenye mpango. Wengine husema kwamba muziki ni lugha ya watu wote, na maneno ni pambo. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, ingawa hao wa pili wamekosea zaidi.

Msukuma asikilizaye Kilingala si kiziwi kabisa. Katika Kisukuma husema ng'wana na bana, munhu na banhu. Katika Kilingala asikia mwana na bana, moto na bato. Kiambishi ba- cha watu anacho tangu utotoni, ilhali mtu wa pwani amezoea wa-. Tena Kisukuma ni lugha ya toni, kama kilivyo Kilingala, Kiswahili sicho. Kwa hiyo, hata habari yenyewe ikimpita, umbo lake halimpiti lote.

Lakini ukaribu huo una mitego. Neno moto, kwa kadiri ya toni na irabu zake, katika Kilingala laweza kuwa mtu, au kichwa, au moto wetu huu wa kuni. Msikilizaji wa Kiswahili hulichukua hili la mwisho, akadhani anaimbiwa mapenzi yaunguzayo, kumbe ametajwa mtu fulani tu. Ni kosa tamu, nami silionei haya. Unguja nako, kabla Siti binti Saad hajakwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika sahani za santuri, taarabu ya jumbani iliimbwa kwa Kiarabu, na si wote walioisikiliza walioifahamu.

Sasa wale wa pili. Mwaka 1987 Franco, kiongozi wa bendi ya T.P.O.K. Jazz, alitoa Attention na SIDA. Ni onyo juu ya Ukimwi, refu kupita dakika 10, na sehemu yake kubwa imesemwa kwa Kifaransa, kwa sauti ya mhubiri kuliko ya mwimbaji. Litazame jina lake tu. Katika maneno matatu, moja ndilo linalofahamika Kirumba, nalo ni dogo kuliko yote: na, ambalo hapo lafanya kazi ile ile ya na yetu katika "jihadhari na". Yale mawili ni ya Kifaransa. Na SIDA, kwa sikio lisilokijua, yakaribia kuwa shida. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walikuwa wametambuliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa hili hili. Onyo lilifika mahali lilipohitajiwa, likiwa limevikwa magitaa mazuri, na mtu aliweza kulicheza hadi mwisho asijue kwamba ameonywa.

Linganisha na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu katika Kongo, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978. Yapata mwaka 1990 aliimba Mambo kwa Soksi, kwa Kiswahili, akihimiza matumizi ya kondomu. Fumbo la soksi halikumficha mtu, na Redio Tanzania haikukubali kuupiga. Kama maneno ni pambo tu, mbona huu ulikataliwa? Wasikilizaji walikuwa wale wale, na onyo lilikuwa moja.

Kwa maoni yangu, mhakiki asiyekijua Kilingala anayo haki ya kuyasifu magitaa, sauti, na jinsi wimbo unavyoanza taratibu kisha ukaachia sebene. Hana haki ya kusema kwamba shairi lake ni zuri, wala kwamba ni baya. Ningependa tafsiri za nyimbo hizi zikusanywe. Na kando ya kila tafsiri iandikwe ile maana ambayo wachukuzi wa Mwaloni wamejitungia wenyewe, kabla hawajaambiwa ya mtunzi.